Vilima Tunavyovilinda Tuvijue

Mishahara ikisha kutoka, Wandegeya hujaa askari. Aliyepata ruhusa ya siku moja hushuka kwenye teksi karibu na taa za barabarani, hununua ile chapati iliyoviringishwa na mayai, hutafuta nyama ya kuchoma, kisha hukaa mbele ya televisheni mpaka jua lizame. Jioni hurudi kambini mfuko ukiwa mwepesi na kichwa kikiwa kizito. Akiulizwa na wenzake ameona nini mjini, hujibu kwamba ameona watu wengi.

Hatuandiki haya ili kumnyima askari starehe yake. Aliyekesha zamuni ana haki ya kula nyama yake kwa raha. Tunalouliza ni hili: yawezekanaje mtu ailinde Kampala miaka kumi, asimame katika kila njia panda yake, na asiingie hata mara moja katika mahali anapopalinda? Wangapi kati yetu wajua kwamba jina lenyewe la Wandegeya latokana na endegeya, wale ndege wafumao viota? Kutoka hapo, ukiupanda mlima wa Makerere na kuteremkia Nakulabye, unafika Kasubi. Ukielekea Mulago na kuishika barabara ya Kira, unafika kwenye Makumbusho ya Uganda. Kwa askari aliyezoea mwendo wa mazoezi ya alfajiri, safari zote mbili ni matembezi tu.

Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tulifundishwa kuusoma mlima. Tulijifunza kuupima urefu wake kwenye ramani, kutafuta njia za kuukaribia, kuchagua pa kuweka bunduki nzito na pa kujificha. Elimu hiyo ni ya lazima, wala hatuidharau. Lakini hatukufundishwa kuuliza ni nani amelala juu ya mlima huo, na kwa nini watu huvua viatu wafikapo huko. Tulipopangiwa kazi mjini tukawa na ramani kamili, lakini ya yule aishiye mlimani hatukujua lolote.

Tuanze na Kasubi. Kabaka Muteesa wa Kwanza alilijenga kasri lake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Baada yake wamezikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Mutesa wa Pili. Nyumba kuu, iitwayo Muzibu-Azaala-Mpanga, ni ya nyasi, na ndani ya paa lake mna pete 52, kwa idadi ya koo za Buganda. Kila ukoo una kazi yake: wa Ngeye ndio waezekaji. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliyaingiza makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Siku moja tulikwenda huko, watatu, bila sare wala silaha. Uani tulimkuta bibi kizee amekaa juu ya mkeka, akisuka mkeka mwingine. Tulipiga magoti kidogo, tukamsalimu kwa Kiganda chetu kibovu, tukamwita Jjajja. Maneno yalipotuishia mmoja wetu akageukia Kiswahili. Mikono ya yule bibi ikasimama. Alimwambia neno yule kijana aliyetuongoza, na kijana akasita kulitafsiri. Tulipomsihi, akasema: "Jjajja anasema kwamba Kiswahili alikisikia kwa mara ya kwanza usiku, mlangoni pake. Kilisema: fungua."

Hatukuwa na jibu. Tulikaa chini, tukamwomba atueleze habari za pete za paa. Alitueleza kwa muda mrefu, na kabla hatujaondoka alikuwa amekwisha kutuuliza kila mmoja wetu ni mtoto wa nani na ametoka wapi. Tangu siku ile tumeamini kwamba ziara kama hizo si anasa. Ni sehemu ya kazi yetu.

Maana neno la yule bibi halikutoka hewani. Kapteni Lugard alipofika mwezi Desemba 1890, alijenga ngome katika kilima kiitwacho sasa Old Kampala, na watu aliokuja nao walikuwa Wasudani na Waswahili. Tarehe 24 Januari 1892 bunduki ya Maxim ilitumika katika vita vya Mengo. Tangu enzi hizo Kiswahili kilisikika hapa kikifuatana na bunduki. Tarehe 24 Mei 1966, kwa amri ya Rais Milton Obote, jeshi chini ya Idi Amin lililishambulia Lubiri, kasri la Kabaka huko Mengo. Mutesa aliponea ukutani, akafia London mwaka 1969. Kasri likageuzwa kambi. Ajabu ya historia ni kwamba mwaka 1971 Amin huyo huyo, akiwa sasa mkuu wa nchi, aliurudisha mwili wa Mutesa, ukazikwa Kasubi kwa heshima zote.

Lubiri ilirudishwa kwa wenyewe baada ya falme kurejeshwa mwaka 1993. Leo mgeni aweza kuingia, akaonyeshwa na mahandaki ya zege yaliyokuwa mahabusu wakati wa Amin. Kuna maandishi ukutani yaliyoachwa na waliofungiwa humo. Twamshauri kila ofisa kijana aende ayasome. Asomapo asijiulize tu ni nani aliyeandika. Ajiulize pia ni nani aliyekuwa ameshika ufunguo wa mlango.

Wala si mambo ya kale tu. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu ya Kasubi iliteketea kwa moto. Kesho yake watu walifurika huko kwa majonzi na hasira, na raia kadhaa walikufa kwa risasi za askari. Hatuketi hapa kuwa mahakama. Tunasema jambo moja tu: askari aliyewahi kuingia mahali pale bila viatu, akaketi, akaelezwa, huelewa ni kwa nini mtu mzima alie mbele ya nyasi zilizoungua. Umati uliao si sawa na umati uvamiao, na mlinzi asiyeweza kuzitofautisha sura hizo mbili ni hatari kwa watu na kwa nafsi yake. Ujenzi uliendelea kwa miaka mingi, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mafundi walifanya kazi yao. Kazi ya kuijenga upya imani iliyoungua siku ile ni yetu.

Lipo dai tunalolisikia kambini: "Mimi si Mganda, makaburi hayo yananihusu nini?" Mwenye dai hilo tunampeleka kwenye Makumbusho ya Uganda. Yalianzishwa mwaka 1908, na tangu mwaka 1954 yamo katika jengo lake la barabara ya Kira. Humo ataikuta adungu ya Waaluri pamoja na amadinda ya Waganda, na mikuki na ngao za makabila yaliyopigana zamani, zote zimetulia chini ya paa moja. Atakuta pia habari ya Kibuuka, aliyehesabiwa na Waganda kuwa mungu wa vita. Masalia yake yalichukuliwa mpaka Cambridge, Uingereza, yakarudishwa mwaka wa uhuru, 1962. Na mwezi Juni 2024 vitu vingine 39 vilirejea kutoka chuo hicho hicho, kwa mkopo. Nchi za mbali zilivihifadhi vitu vyetu kwa miaka mia na zaidi; je, sisi tutashindwa kuvuka barabara kwenda kuvitazama?

Polisi wanaokaa katika mabweni ya Nsambya nao wana hazina mlangoni. Hospitali ya Nsambya chanzo chake ni mwaka 1903, walipofika watawa, mmoja wao akiwa mwanamke wa Ayalandi, mzaliwa wa Wicklow, ambaye watu walimwita Mama Kevina. Alifia Marekani mwaka 1957, na mwili wake ukaletwa kuzikwa Nkokonjeru. Hakuwa na bunduki wala cheo cha serikali, lakini jina lake linatajwa kwa upendo mpaka leo. Sisi wenye vyeo na silaha tuna jambo la kujifunza hapo.

Na kwa kuwa tumeitaja Ayalandi, tusimame huko kidogo. Askari wa nchi hiyo tunawafahamu: walikuwa miongoni mwa wakufunzi wa Umoja wa Ulaya waliowafunza wanajeshi wa Kisomali huko Bihanga, kuanzia mwaka 2010. Nchi yao ni ndogo, ilitawaliwa na Mwingereza kama sisi, na ikapigana yenyewe kwa yenyewe mara baada ya kujitawala. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita hivyo, nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin ililipuka, na maandishi ya karne nyingi yakawa majivu kwa siku moja. Katika mji huo huo lipo gereza la Kilmainham. Mwingereza aliwapigia risasi humo viongozi wa maasi ya mwaka 1916. Na mwezi Novemba 1922 jeshi la Waayalandi wenyewe likawapigia risasi humo ndugu zao wanne. Gereza lilifungwa mwaka 1924, likaachwa kuoza.

Wangeweza kulibomoa ili aibu isahaulike. Badala yake, kuanzia mwaka 1960 watu wa kujitolea walilisafisha na kulitengeneza kwa mikono yao, na leo ni miongoni mwa mahali panapotembelewa sana na wageni nchini humo. Mgeni huonyeshwa ua waliouawa mashujaa kwa risasi za Mwingereza, tena huambiwa na habari za wale waliouawa na ndugu zao. Taifa halikuanguka kwa kusema kweli hiyo. Limepata heshima, na limepata fedha za kiingilio pia. Sisi tunayo Lubiri. Kilichobaki ni sisi wenyewe kuingia humo kwa miguu yetu, tukasikilize.

Baada ya kusema hayo, tunatoa mapendekezo machache kwa wakuu wa vikosi na vituo.

Kwanza, ziara ya mahali pa historia iingizwe katika ratiba ya kila kikosi kipya kinachopangiwa kazi Kampala, kabla askari hajapewa eneo la doria. Saa mbili zatosha kwa Kasubi, na saa mbili kwa makumbusho.

Pili, askari aendaye huko kwa hiari yake aende kama mgeni. Silaha ibaki ghalani, na sare ibaki kambini. Akiambiwa avue viatu, avue. Akiambiwa asipige picha, asipige.

Tatu, alipe kiingilio. Katika mahali pamoja tulimwona mwenzetu akimwonyesha mlinzi wa mlango kitambulisho ili apite bure. Mlinzi alimpisha, lakini tuliuona uso wake. Alichookoa mwenzetu ni bei ya sahani ya nyama, na alichopoteza ni heshima yetu sote. Aliye tayari kuilipia nyama ya Wandegeya hawezi kusema kwamba hana fedha za kuitazama historia ya nchi yake.

Nne, awachukue mke na watoto. Watoto wa kambini hukua wakiijua Uganda kupitia uzio wa waya. Wapelekwe wakaisikie amadinda ikipigwa, wakaione sanamu ya Uhuru aliyoichonga Gregory Maloba, wakajue kwamba nchi ni kubwa kuliko uwanja wa gwaride.

La mwisho lahusu lugha. Tangu mwaka 2005 Katiba imekipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Sheria imetimiza wajibu wake. Lakini sheria haiwezi kumwamuru bibi kizee akipende. Tukiendelea kukitumia kwa kuamrisha tu, kitabaki lugha ya usiku na mlango. Tukikitumia kwa kuuliza, kusalimu na kushukuru, huenda wajukuu wa bibi yule wakakisikia kwa mara ya kwanza mchana, kikiwa na hodi.

Askari mwenzetu, mwisho wa mwezi ukifika, shuka Wandegeya kama ulivyozoea. Kula chapati yako, nyama yako kula pia. Kisha, kabla jua halijapanda sana, shika njia ya Makerere, teremka Nakulabye, na ufikapo lango la Kasubi piga hodi. Mwacha asili ni mtumwa. Na mlinzi asiyekijua anachokilinda, naye hayuko mbali na utumwa huo.