Mabaka ya Nini?

Kila ninapokutana na vijana wanaoanza kupiga picha za wanyamapori, swali lao la pili au la tatu huwa ni hili: nichague kava gani la lenzi? Wanakusudia yale mavazi ya mpira laini yanayovishwa lenzi ndefu, yaliyochapwa majani na magome ya miti, au mabaka ya kijani na kahawia kama ya askari. Swali lenyewe si baya. Lenzi ndefu ni mali ya gharama, na mwenye mali huifunika. Ubaya uko katika jibu wanalolitazamia. Wanataka niwaambie ni mabaka yapi yaliyo bora: ya msituni, ya nyasi kavu, au yale meupe ya theluji. Mimi huwajibu kwamba wasinunue mabaka yoyote, nao hunitazama kama mtu aliyepitwa na wakati. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa vipande vipande, kwa hiyo naomba nilimalize hapa.

Kwanza tujiulize mabaka haya yametoka wapi. Yale ya majani na magome yalienea kutoka kwa wawindaji wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1986 zilianza kampuni mbili, Realtree katika jimbo la Georgia na Mossy Oak katika jimbo la Mississippi, zikichapa juu ya vitambaa sura ya miti ya kwao. Mwindaji wa huko huketi chini ya mwaloni alfajiri, hasogei, akimngoja bata mzinga. Amefunikwa mabaka tangu kofia hadi viatu, na nyuma yake pana mti ule ule uliochapwa mgongoni mwake. Kwa kazi hiyo na mahali hapo, sina ugomvi naye.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Landrover nyeupe, kubwa kama banda la kuku, imesimama katikati ya mbuga ya Serengeti. Paa limeinuliwa. Watu sita wamesimama ndani, mmoja amevaa fulana nyekundu, mwingine anafungua soda. Katikati yao inachomoza lenzi moja iliyovaa majani ya mwaloni wa Georgia, mti ambao simba wa Seronera hajapata kuuona tangu azaliwe. Jamani, hapo tunamficha nani, na tunamficha asionwe na nani?

Wako watakaosema kwamba hata hivyo mabaka husaidia kidogo, na kidogo si haba. Hoja hiyo inahusu macho ya wanyama, basi tuyatazame macho hayo. Wanyama wenye kwato, kama swala na nyati, wana aina mbili tu za chembe za kupambanua rangi, ilhali binadamu ana tatu. Kijani na kahawia tunavyovilipia ghali dukani, wao hawavipambanui kama sisi. Tena wengi wao hawaoni vitu vidogo kwa ukali kama tuonavyo. Mwaka 2016 watafiti, akiwamo Amanda Melin na Tim Caro aliyefanya kazi miaka mingi nchini Tanzania, walichapisha hesabu zao kuhusu milia ya punda. Waliona kwamba mchana, kupita mita 50 hivi, simba na fisi hawawezi kuipambanua vyema milia ile, na wakati wa magharibi umbali huo hupungua hadi mita 30. Ikiwa milia mipana juu ya mnyama mzima hupotea macho kwa umbali huo, majani madogo yaliyochapwa juu ya kitu chenye urefu wa mkono yatakuwaje? Yatachanganyika yawe rangi moja iliyofifia. Na rangi moja iliyofifia fundi cherehani yeyote anaweza kukupa kwa kipande cha kaki.

Ndege nao ni kinyume chake. Wao wana aina nne za chembe hizo, na wengi wao huona hata mwanga wa urujuani tusiouona sisi. Sabuni nyingi za unga hutiwa dawa ya kung'arisha nguo, nayo huunyonya mwanga huo na kuutoa tena kama mwanga wa bluu unaoonekana. Kwa hiyo mtu anaweza kununua kava la mabaka, akalifua vizuri kwa sabuni hiyo, akaenda nalo ziwani liking'aa mbele ya ndege aliyedhani anamfichia.

Kinachomtoa mpiga picha hadharani ni mambo manne, na duka haliuzi dawa ya hata moja. La kwanza ni mwendo. La pili ni umbo la mtu wima dhidi ya anga. La tatu ni sauti. La nne ni upepo unaopeleka harufu yake mbele kabla yake. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walilijua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walipotaka kuwakaribia ndege walijitengenezea ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi, mtu akajificha tumboni pamoja na kamera. Hawakuivisha kamera majani. Waliliondoa umbo la mtu, wakaweka umbo ambalo ndege amelizoea malishoni. Kwetu gari hufanya kazi ya ng'ombe yule, kwa kuwa wanyama wa hifadhini wamelizoea. Anayeshuka kwa miguu hana budi kurudi kwa wahenga: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hawakusema simba mwenye mabaka.

Hadi hapa mtu anaweza kuniambia, haya, mabaka hayasaidii, lakini yanadhuru nini? Niache na pambo langu. Nami zamani nilisema hivyo hivyo, mpaka siku moja katika bonde la Kilombero.

Ilikuwa mwaka 2014, masika yamekwisha, maji yameanza kurudi mtoni. Mpwa wangu aishiye ng'ambo alikuwa ameniletea kava la mabaka, nami nililiona fahari. Niliketi kwenye matete kando ya kijito, nikimvizia mdiria, yule ndege mvuvi mweusi na mweupe, aliyetua juu ya mti mkavu hatua chache tu kutoka nilipo. Nikainua lenzi polepole. Mdiria hakusogea. Ng'ambo ya kijito, ambako sikuwa nimetazama, alisimama kijana mmoja akitoa samaki katika mgono. Aliinua macho, akaliona lile bomba lenye mabaka limeelekea upande wake. Aliuacha mgono, akaziacha samaki, akaiacha na baiskeli yake, akakimbia. Nilimwita nikamwambia mimi ni mpiga picha. Sauti yangu ilimzidishia mbio. Mdiria alikuwa bado amekaa pale pale.

Baada ya muda alikuja mzee mmoja, akasimama mbali kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," bila kusogea. Kisha akauliza, "Mwanangu, wewe ni wa serikali?"

"Hapana mzee. Napiga picha za ndege."

"Sasa kama unapiga ndege picha, mbona bomba lako limevaa kijeshi?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nilivua kava, nikamwonyesha lenzi, kisha nikamwonyesha picha ya mdiria. Alitabasamu. Lakini kijana hakurudi nikiwa pale, na mzee ndiye aliyezikusanya samaki zake na kuichukua baiskeli.

Mtu asidhani kwamba kijana yule alikuwa mwoga wa bure. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilipita katika bonde hilo operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Oktoba 2013 ikaanza Operesheni Tokomeza, ya kupambana na majangili katika sehemu nyingi za nchi, ikiwashirikisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Lengo lake lilikuwa la haki, maana tembo walikuwa wanamalizwa. Lakini ilisitishwa baada ya wiki chache kwa sababu ya malalamiko ya watu kuteswa, kuporwa na kuuawa, na Desemba 2013, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne waliondoka madarakani. Kwa mwanakijiji aishiye kando ya hifadhi, mabaka si pambo. Ni habari. Yanamwambia kwamba wamekuja tena.

Hapo ndipo nilipouona upuuzi wa kitu kile kwa ukamilifu wake. Nilinunuliwa vazi la kunificha kwa ndege, na ndege hakulijali. Vazi hilo hilo likanitangaza kwa binadamu mwenzangu, tena likanitangaza kwa uongo. Sisi wapiga picha hupenda kusema kwamba tumeacha bunduki tukashika kamera, kwamba kazi yetu ni ya amani. Basi kwa nini tunaivisha kamera nguo za bunduki? Mwananchi wa kando ya hifadhi ndiye mwenyeji wetu. Ndiye anayejua ndege analala wapi na chui alipita saa ngapi. Ukimtisha huyo, hata lenzi ya milioni ishirini haitakuonyesha kitu.

Sheria nayo haiko upande wa mabaka. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinakataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia waliokuwa na mavazi hayo siku saba kuyasalimisha. Sitaki kubishana kama kava la lenzi ni vazi au si vazi. Najua tu kwamba sitaki kuanza ubishi huo usiku, kwenye kizuizi cha barabarani, na mtu mwenye silaha aliyechoka.

Nisije nikaonekana mpinga makava. Kava ni kitu chema, na sababu zake ni za kweli. Lenzi nyingi ndefu hupakwa rangi nyeupe ili zisishike joto la jua, na weupe huo ukigeuzwa geuzwa mbele ya ndege aliye karibu humshtua. Kuufifisha ni sawa. Kava huzuia mikwaruzo lenzi inapogonga chuma cha mlango, na humficha mwizi wa stendi ya basi asijue una nini. Sababu zote hizo hazihitaji hata jani moja.

Kwa hiyo anayeniuliza achague kava gani, namjibu hivi. Chagua rangi moja isiyong'aa: kaki, rangi ya udongo, au kijivu cha vumbi. Epuka bluu iliyokoza na nyeusi, maana ndizo rangi za mitego ya mbung'o. Ukipita Tarangire utaviona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa kuwanasa, na sioni sababu ya mtu kujibebea mtego mkononi. Hakikisha kava halizibi swichi wala pete za kuzungusha, kwa sababu simba hatakungoja utafute kitufe chini ya mpira. Lisiwe na kifungio cha kunata kinachopasuka kwa kelele unapokivuta. Tena ukinyeshewa, livue siku hiyo hiyo ulianike. Mpira laini hushika maji, na unyevu unaokaa juu ya lenzi huzaa kuvu ndani ya kioo, hasa huku kwetu pwani. Mchanga nao ukiingia chini ya kava husaga rangi kama msasa, kwa hiyo likung'ute mara kwa mara.

La kwangu la sasa alinishonea fundi wa Morogoro kwa turubai kuukuu la kaki, ndani akaweka sponji nyembamba na mwishoni akatia lastiki. Bei yake haikufika hata robo ya lile la mabaka. Nimekwenda nalo Kilombero mara nyingi. Mdiria hawajaona tofauti. Watu wameiona. Sasa huja wenyewe kuuliza ninatazama nini, nami huwapa lenzi watazame, na mara nyingi hunionyesha ndege ambaye nisingemwona peke yangu.

Lile la mabaka bado ninalo. Sikumpa mtu, kwa kuwa sikutaka kumtwisha mwingine aibu yangu. Nimelikata, nikalifanya pedi ya kukalia ndani ya gari, mabaka yakitazama chini.