Je, Mungu ana watoto wengine huko juu?

Jumapili iliyopita mwanangu wa miaka 11 alirudi nyumbani kutoka shule ya Jumapili macho yakiwa mekundu. Alikuwa amemuuliza mwalimu wake kama katika sayari nyingine kuna viumbe, na kama kuna, je, nao waliumbwa na Mungu huyu huyu wetu? Badala ya kujibiwa, alitolewa nje na kuambiwa hayo ni maswali ya shetani.

"Baba, mimi huko sirudi tena," akaniambia.

Msomaji mpenzi, hapo nilishtuka. Lililotaka kumtoa mtoto huyu kanisani halikuwa swali lake bali jibu alilopewa.

Na swali lenyewe si geni. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku mafundisho 219 yaliyokuwa yakizungumzwa na wasomi wa mji huo. Mojawapo lilidai kwamba Mungu hawezi kuumba dunia zaidi ya moja. Askofu hakutaka mwanadamu amwekee Muumba mipaka. Hata hivyo, Giordano Bruno, aliyefundisha kwamba dunia ni nyingi zisizo na idadi, alichomwa moto akiwa hai mjini Roma mwaka 1600, ingawa hilo halikuwa shtaka lake la pekee.

Kwa Waislamu, Kurani katika sura ya 42, aya ya 29, inataja viumbe vilivyotawanywa mbinguni na ardhini, na baadhi ya wafasiri wameona humo dalili ya uhai nje ya dunia hii.

Wataalamu nao hawakulala. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walitangaza kuwa wamegundua sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, nyota inayofanana na jua letu. Leo sayari za namna hiyo zilizothibitishwa ni zaidi ya 5,000. Bado hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa na uhai. Naye padri José Gabriel Funes, aliyekuwa akiongoza kituo cha Vatican cha kuchunguza nyota, alisema mwaka 2008 kwamba kuamini huenda viumbe hao wako hakupingani na kumwamini Mungu.

Nilimweleza mwanangu hayo yote. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa kilichokuwa kikimsumbua hasa: "Sasa Baba, kama wako wengi hivyo, Mungu atatukumbuka sisi?"

Nilikosa la kusema. Nyanya yake, aliyekuwa akichambua sukuma wiki pale mlangoni, ndiye aliyemjibu.

"Mjukuu wangu, mimi nilizaa watoto tisa. Wa tisa alipokuja, sikumsahau wa kwanza."

Kijana akacheka. Leo tunarudi kanisani pamoja, na baada ya ibada nitaketi na mwalimu wake, tuzungumze taratibu. Kuuliza si ujinga, wala si dhambi.