Sabufa kwenye kona na masikio ya mtoto

Msimu wa korosho ukilipa, si ajabu nyumba ya Ufukoni, Mtwara, ikapata sabufa mpya. Huwekwa sakafuni kwenye kona, besi inafunguliwa mpaka bati linatikisika. Taarifa ya habari ikifika maneno hayasikiki, basi baba anaongeza sauti.

Besi ikizidi humeza maneno, na kona huikuza zaidi, maana kuta mbili na sakafu huirudisha chumbani. Kuongeza sauti ni kuongeza kelele tu. Mzazi, isogeze sabufa mbali na kona, punguza besi, kisha inua zile spika ndogo zifike usawa wa masikio ya aliyekaa. Ijaribu kwa taarifa ya habari, si kwa singeli: maneno yakieleweka huku watu wanaongea kawaida, inatosha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Mtu mzima 80. Kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua nusu. Programu ya simu hukadiria desibeli. Pima pale mtoto anapokaa, na watoto hupenda kukaa mbele ya spika kabisa!

Seli za kusikia zikifa hazioti tena. Mtoto anayeuliza "eti?" kila akiitwa asichapwe kwa ukaidi. Apelekwe hospitali apimwe masikio.