Miaka Minne Si Mitatu

Mwamba ngoma huvutia kwake, walisema wahenga. Sijaona mahali methali hii ilipodhihirika kama katika Baraza la Seneti la Marekani, kila nafasi ya jaji wa Mahakama Kuu inapotokea kuwa wazi katika mwaka wa uchaguzi.

Katiba ya nchi ile inasema kwamba Rais humteua jaji, na Seneti humkubali au humkataa. Akikubaliwa, hukaa kitini mpaka afe, ajiuzulu au aondolewe kwa makosa. Majaji wa mahakama hiyo ni 9 tu tangu mwaka 1869, kwa hiyo kiti kimoja si jambo dogo. Lakini Katiba haikusema lolote juu ya mwaka wa uchaguzi. Haikusema kwamba Rais ana madaraka kamili kwa miaka mitatu, na wa nne ni wa kufunga mizigo.

Jaji Antonin Scalia alifariki tarehe 13 Februari 2016. Siku hiyohiyo Mitch McConnell, kiongozi wa maseneta wa Republican waliokuwa wengi, alitangaza kwamba kiti kile kisijazwe mpaka apatikane Rais mpya. Eti wananchi waachiwe waseme. Mwezi uliofuata Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland. Kamati haikumwita kumhoji, wala baraza halikumpigia kura. Jina lake lilikaa siku 293, likafa pamoja na Bunge lile Januari 2017. Rais Donald Trump akamteua Neil Gorsuch, naye akathibitishwa Aprili 2017. Kiti kilikuwa kimekaa kitupu karibu miezi 14.

Nauliza: wananchi hao walikuwa hawajasema? Novemba 2012 walimchagua Obama kwa miaka minne. Najua nitaambiwa kwamba maseneta nao walichaguliwa, na walikuwa na haki ya kumkataa Garland. Kweli kabisa. Basi wangemwita, wakamhoji, wakapiga kura, wakamkataa mchana kweupe, kila seneta na jina lake. Kukataa ni kazi ya Seneti. Kujificha si kazi.

Nao uchache wa majaji una gharama yake. Juni 2016 ilifika hukumu ya kesi juu ya mpango wa Obama wa kuwakinga wahamiaji wapatao milioni 4 wasifukuzwe nchini. Majaji 8 waligawanyika 4 kwa 4. Inapotokea hivyo, uamuzi wa mahakama ya chini husimama. Watu wote hao, pamoja na watoto wao, walijibiwa kwa sentensi moja tu, bila kuelezwa sababu.

Ikafika 2020. Jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki tarehe 18 Septemba, siku 46 kabla ya uchaguzi. Trump alimteua Amy Coney Barrett, na tarehe 26 Oktoba Seneti ikamthibitisha kwa kura 52 dhidi ya 48. Zilibaki siku 8, na mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kupiga kura. Ile huruma ya kuwangoja wananchi waseme ilikwenda wapi? McConnell alijibu kwamba safari hii Rais na Seneti walikuwa wa chama kimoja. Hiyo si kanuni. Ni hesabu ya nani ana nguvu.

Wala Democratic wasijipake mafuta. Mwaka 2016 walidai kura ipigwe bila kuchelewa. Mwaka 2020 wakadai ingojwe. Na Juni 1992 seneta wao Joe Biden alisema kwamba nafasi ikitokea, Rais George Bush asiteue mtu mpaka uchaguzi upite. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Msimamo wangu hautafurahisha upande wowote. Garland alistahili kupigiwa kura, na Trump alikuwa na haki ya kumteua Barrett, kwa sababu muhula wake ulikuwa unakwisha Januari 2021, si siku aliyofariki Ginsburg. Wala si jambo geni. Louis Brandeis alithibitishwa Juni 1916, miezi mitano kabla ya uchaguzi. Februari 1988 Seneti ya Democratic ilimthibitisha Anthony Kennedy, mteule wa Ronald Reagan, kwa kura 97 bila hata moja ya kupinga. Mbingu hazikuanguka.

Ubaya ni kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja na kuchanwa kwa ajili ya mwingine. Juni 2022 mahakama hiyo ilifuta haki ya kutoa mimba iliyokuwa imetambuliwa tangu 1973, na Gorsuch na Barrett walikuwamo kati ya majaji watano walioifuta. Kila msomaji ana imani yake juu ya jambo hilo. Lakini aliyeshindwa ataipokeaje hukumu, akiamini kwamba viti vile vilipatikana kwa ujanja? Mahakama haina askari wala hazina. Ina heshima tu.

Dawa naiona nyepesi. Seneti ijifunge kwa maandishi kwamba kila mteule atapigiwa kura ndani ya siku 90, uwe mwaka wa uchaguzi au usiwe. Na iandikwe wakati hakuna kiti kilicho wazi, kabla chama chochote hakijajua kitafaidika au kitaumia.