X-Men Wanarudi: Wacheni Kununa, Hii Stori Ilianza na Mayut

Wasee, tangu Disney inunue studio za Fox mwaka wa 2019, mashabiki wamengoja kitu moja tu: X-Men waingie kwa ulimwengu wa Avengers. Sasa muvi mpya inaandaliwa, dairekta ni Jake Schreier, na bosi wa Marvel, Kevin Feige, ameshadokeza kwamba waigizaji watakuwa vijana. Basi watu wamenuna. Wanataka mastaa wa kitambo, wanataka Wolverine.

Mimi naona Feige ako sahihi, na ushahidi uko kwa komiki za kwanza kabisa.

X-Men wa kwanza walitoka Septemba 1963, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Wolverine hakuwepo. Walikuwa wanafunzi watano tu: Cyclops, Marvel Girl, Beast, Angel na Iceman, ambaye ndiye alikuwa kitinda mimba wao. Mwalimu alikuwa Professor X. Kwa toleo la kwanza wanamfurusha Magneto aliyekuwa ameteka kambi ya makombora ya jeshi la Marekani, na wanajeshi wanawashukuru.

Lakini hizo shukrani hazikukaa. Cheki toleo la 8, la 1964. Beast anamwokoa mtoto aliyekwama juu kabisa. Badala ya kupigiwa makofi, umati unagundua yeye ni mutanti na kumrukia. Jamaa anaudhika hadi anaacha timu, anaenda kupigana mieleka.

Halafu toleo la 14, la 1965. Msomi anaitwa Bolivar Trask anaambia magazeti kwamba mutanti watakuja kutawala binadamu. Hana ushahidi wowote, lakini uoga unauza. Professor X anaenda kujibu kwa TV, na hapo hapo Trask anazindua Sentinel, roboti za kuwinda mutanti. Kilichofuata? Roboti zikamgeukia yeye mwenyewe.

Umeona hapo? Hatari kubwa haikuwa Magneto. Ilikuwa jirani aliyetishwa hadi akakubali mashine ya kuwinda watoto wa wenyewe. Hiyo inauma zaidi kama anayewindwa ni mwanafunzi, si mzee mwenye kucha za chuma na miaka mia ya vita.

Najua utaniuliza, kwani hizo stori hazikudoda? Zilidoda, ni kweli. Mwaka wa 1970 Marvel iliacha kutoa hadithi mpya, ikawa inarudia za zamani. Uhai ulirudi 1975 na timu mpya ya watu wazima, akiwemo Wolverine na Storm, ambaye mama yake ni Mkenya. Lakini hata hao walirithi swali lile lile la wale watano: utamlinda aje mtu anayekuchukia?

Na hilo swali halihitaji mabawa ndiyo ulielewe. Kama umewahi kushukiwa mtaani juu ya umri wako na nywele zako tu, tayari unajua Beast alihisi aje.

Kwa hivyo muvi ikitoka, usihesabu ngumi peke yake. Angalia umati. Kama watu wanaookolewa hawawaogopi hao mayut, basi Marvel itakuwa imetuuzia jina tu.