Vikombe vya Chuo Si Dhamana
Mwalimu wa mpira wa Kimarekani akitwaa vikombe chuoni, mara husikika sauti zikitaka akabidhiwe timu ya kulipwa. Sisi tunashauri pasiwe na pupa.

Chuoni mwalimu huwaendea vijana awatakao. Katika ligi ya kulipwa wachezaji wapya huchaguliwa kwa zamu, na mishahara ina kikomo. Urban Meyer, bingwa wa vyuo mara 3, aliachishwa kazi Jacksonville mwaka 2021 akiwa ameshinda michezo 2 kati ya 13. Lakini Jimmy Johnson, aliyeshinda 1 tu huko Dallas mwaka 1989, alivumiliwa. Akamtoa nyota wake Herschel Walker ili apate zamu zaidi za kuchagua vijana, akatwaa ubingwa wa misimu ya 1992 na 1993.

Basi wenye timu wasihesabu vikombe. Wamtafute aliye tayari kujifunza upya na, wakishampata, wampe muda.