Kitufe ni cha nani?

Ndugu zangu wapenda kompyuta, leo nimekasirika. Kijana ninayemfundisha programu hapa Kipsongo, Kitale, alikuwa karibu kulipa fundi ambadilishie kibodi ya laptopu yake ya Linux. Kibodi nzima kabisa! Kwenye terminali ya VS Code alibonyeza Ctrl+P arudishe amri ya awali, kikafunguka kisanduku cha kutafuta faili. Akajaribu Ctrl+K, ambayo bash huitumia kukata maandishi kuanzia kwenye kishale hadi mwisho wa mstari. Kimya. Kihariri kilikuwa kimeidaka, kinangoja kitufe cha pili.

Kuna wanaosema, "Zoea tu." Nizoee nini? Bash ipo tangu 1989, na Ctrl+P yake ni urithi wa Emacs, mzee zaidi. VS Code ilitangazwa 2015. Tangu lini mgeni akampangia mwenyeji pa kulala? Kishale kikiwa ndani ya terminali, vitufe ni vya terminali. Basi.

Fungua mipangilio. Weka terminal.integrated.allowChords iwe false, Ctrl+K itarudi. Kwa Ctrl+P, ongeza "-workbench.action.quickOpen" kwenye terminal.integrated.commandsToSkipShell. Usisahau hiyo alama ya kutoa mwanzoni, ndiyo inayoitoa amri kwenye orodha.

Ipo pia terminal.integrated.sendKeybindingsToShell, inayopeleka karibu kila kitufe kwa sheli (ya kompyuta, si ya petroli). Hiyo siipendi. Mimi nilidai vitufe vya bash, sikusema kihariri kifukuzwe.